Shimo la Wote

Jirani yangu mpya anajenga choo. Wiki iliyopita nilipita karibu na ua wake nikitoka sokoni, beseni la sombe, majani ya muhogo, kichwani. Fundi alikuwa amemwaga chokaa ndani ya shimo, na simenti mbichi ya kuta ilikuwa bado inatoa unyevu. Harufu ile ilinikuta kabla sijajitayarisha. Nikatua beseni chini na kujifanya nafunga kitenge upya. Fundi alinisalimu, akaniuliza kama naumwa. Nikasema ni jua. Ningemweleza nini? Kwamba mtu mzima kama mimi, mama wa watoto, mwalimu wa watoto wa wengine, bado anaogopa shimo la choo?

Ninyi wa rika langu, mliokuwa watoto Bunia, huku mashariki ya Kongo, wakati ule vita viliposemwa kuwa vimekwisha, labda mtanielewa. Ilikuwa amani, ndiyo. Shule zilifunguliwa, soko lilijaa, magari meupe ya askari wa kigeni yalipita asubuhi na jioni, nasi tuliyapungia mkono. Lakini ilikuwa amani ambayo wakubwa waliikanyaga kwa ncha za vidole, kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa aliyelala. Mlango ukigongwa, Mama alinyamaza kwanza, ndipo akaitikia. Jina la mtu lilitajwa kwa sauti ya chini, kwa kuwa jina peke yake lilitosha kuonyesha ametoka upande gani. Watoto hatukuelezwa kitu. Tulijifunza kwa kubahatisha, na mimi nilikuwa mtoto wa kubahatisha vibaya.

Tuliishi mtaa wa Bigo, kwenye avenue, barabara ya nyumba zetu, iliyoshuka polepole mpaka bondeni penye kijito. Nyumba zetu zilikuwa kumi na mbili. Papa alikuwa fundi, lakini si fundi wa nyumba. Alijifunza kazi Kisangani akiwa kijana, kwenye mifereji ya zamani ya maji machafu, na kitu alichokijua kuliko vyote duniani ni namna ya kuondoa mavi ya watu katikati ya watu. Mama aliona aibu kidogo akiulizwa kanisani mume wake anafanya kazi gani. Papa hakuona aibu. Alisema daktari anamponya mtu akiisha kuugua, yeye anamponya kabla.

Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, tulikuta avenue imejaa. Kila nyumba ilikuwa imepokea ndugu kutoka vijijini, na mashimo ya choo nyuma ya majiko yalikuwa yamefika mdomoni. Mvua ikinyesha, yaliyomo yalipanda, yakashuka na avenue nzima, yakaingia kwa kila mtu bila kumuuliza kabila. Tuliharisha sote. Halafu katika nyumba ya juu kabisa kolera ikachukua watoto wawili wa mama mmoja ndani ya juma moja. Baada ya mazishi Papa aliwaita wakubwa wa avenue akawapa wazo lake. Bomba moja kubwa lipite nyuma ya nyumba zote, toka juu mpaka chini. Kila nyumba iunganishwe nalo. Na bondeni, kwenye kiwanja kitupu, ijengwe fosse moja kubwa ya kupokea yote. Fosse ndiyo tuliyoita shimo la choo la kujengwa kwa simenti. Hata mtu asiyejua Kifaransa alijua neno hilo. Wakubwa walikubali. Watu wa misaada wangetoa mabomba, nyumba zingetoa matofali na mikono.

Nilimpenda Papa sana miezi ile, na nasema hivyo mapema kwa sababu ya yatakayofuata. Alinichukua nimsaidie kupima. Alikuwa na mpira mrefu unaopenyeza mwanga, umejaa maji. Yeye alishika ncha moja huku juu, mimi nyingine kule chini, na maji yalipotulia yalituonyesha mteremko wa ardhi bila kudanganya. Alinifundisha kwamba bomba likilazwa kwa mteremko mkali, maji yanakimbia na kuacha mavi nyuma yakauke. Likilazwa tambarare, vyote vinalala njiani. "Lazima watembee pamoja," alisema, "sawa vile bwana na bibi wanaenda kanisani." Nilicheka mpaka maji ya mpira yakatikisika, akanikemea tupime upya.

Katika nyumba ya mwisho, iliyo karibu zaidi na kile kiwanja, aliishi Mama Lotsove. Alikuwa amekimbia vita vya Djugu na watoto wanne, mume hakuwepo tena, na mama mmoja wa kanisa alikuwa amemwazima nyumba ile. Sisi tulikuwa watu wa ng'ombe, wao watu wa jembe, ingawa Papa hakuwa hata na ndama. Watu wetu na watu wake walikuwa wametendeana mambo ambayo sitaki kuyaandika hapa. Lakini binti yake mkubwa, Lotsove, alikaa na mimi benchi moja darasa la tano. Alikuwa wa kwanza. Kwa Kifaransa hakuna aliyemkaribia, hata watoto wa wafanyabiashara waliokuwa na vitabu nyumbani. Mimi nilikuwa wa kumi na tisa, na hata hiyo kumi na tisa niliipata kwa kuchungulia daftari lake, naye alilisogeza kidogo ili nione vizuri.

Ili ajue fosse iwe kubwa kiasi gani, Papa alipaswa kujua idadi ya watu. Alipita nyumba kwa nyumba na daftari, mimi nyuma yake na kalamu ya akiba. Watu walijibu wakilitazama daftari, si yeye. Mzee mmoja aliuliza kwanza karatasi hiyo itaenda wapi. Mama Lotsove tulimkuta mlangoni akichambua maharage. Papa alimsalimu kwa heshima, akamuuliza wako wangapi ndani ya nyumba. Midomo yake ilitembea kama anayehesabu, ingawa watoto wake wote walikuwa pale mbele yake. Mwishowe akasema, "Tano." Papa akaandika, akashukuru, tukaenda nyumba nyingine.

Siku hizo redio ilikuwa ikitaja mara kwa mara maneno mawili ya Kifaransa, na kila yalipotajwa Mama aliizima. Fosse commune. Wameona fosse commune karibu na kijiji fulani. Wameona nyingine. Nilijua fosse. Kwa hiyo nilifikiri ni choo, na sikuelewa kwa nini choo cha kijiji kinasemwa redioni, wala kwa nini Mama anakiogopa. Nikamuuliza Madame, mwalimu wetu, shuleni. Alikuwa anafuta ubao. Alisimama na kitambaa mkononi bila kugeuka. Alisema ni shimo ambamo watu wengi wamezikwa pamoja, bila majina, wakati mwingine kijiji kizima. Kisha akasema tufungue kitabu cha hesabu.

Juma lile lile, mchana, nilikuta karatasi kubwa ya Papa imetandazwa mezani, imebanwa kwa vikombe vinne isijikunje. Papa alikuwa ameenda kunawa. Juu kabisa aliandika kwa herufi zake nzuri za mistari miwili: FOSSE COMMUNE. Chini yake kulikuwa na mchoro wa sanduku refu ardhini, limegawanywa vyumba viwili, na vipimo vya urefu, upana na kina. Pembeni kulikuwa na orodha. Majina ya nyumba zote kumi na mbili, na mbele ya kila jina idadi ya watu. Nilishuka na kidole. Mama Lotsove: 5. Nikaendelea kushuka, na mstari wa mwisho ulisema: Siye: 6.

Sikulia. Nilihesabu nyumbani kwetu, nikapata sita kweli. Nilisikia maji yakimwagika bafuni na Papa akiimba wimbo wa kanisa puani, kama kila siku. Vitu vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja, wimbo na karatasi, na kichwa changu hakikuwa na mahali pa kuviweka pamoja.

Tangu hapo kila kitu kilikuja kushuhudia. Shimo bondeni lilishuka mpaka Papa na wachimbaji wake wawili wakisimama ndani hatukuona vichwa vyao. Mifuko ya chokaa ilifika, na nilikuwa nimesikia wamama kisimani wakisema chokaa ndiyo inayomwagwa juu ya maiti ili isinuke. Jioni moja Mama alimuuliza Papa mezani kama kweli watu wote hawa wataenea. Papa alijibu akikata bugali, "Wataenea. Nimeacha hata fasi ya wale watazaliwa." Akaeleza kwamba wakiisha kufunika na bamba la simenti watarudisha udongo juu, majani yataota, na mtu akipita pale hatajua kama kuna kitu chini. Mama alisema Mungu asifiwe.

Nilimtazama Mama. Kama yeye anajua na anamsifu Mungu, basi labda ni kitu kizuri? Labda kuna watu wanakuja kutuua wote, na Papa anatutengenezea mahali safi pa kulala, pamoja na majirani, badala ya kutupwa ovyo? Nilifikiri hivyo kweli. Siku nyingine nilifikiri kuna mtu amemlazimisha, ndiyo maana anaimba, ili asilie. Siku nyingine tena nilifikiri ameandika "Siye" ili wengine wasishuku, na siku ya siku sisi tutaondoka. Hilo la mwisho liliniuma kuliko yote, kwa sababu lilikuwa na akili zaidi.

Kumuuliza Papa sikuweza. Kumuuliza Lotsove pia sikuweza. Asubuhi tulikaa bega kwa bega, akinisogezea daftari, na mimi nilitazama mkono wake nikifikiria ile tano. Alikuwa ameshakimbia mara moja. Aliwahi kunieleza kidogo tu, kwamba walitembea juu ya majani ili wasisikike. Nilitaka kumwokoa bila yeye kujua kuwa alikuwa hatarini. Nikaona ni heri nimwambie mama yake.

Nilienda baada ya shule, Lotsove alipokuwa ametumwa maji. Mama Lotsove alikuwa anakoka moto nje. Kutoka pale nilisikia beleshi za wachimbaji bondeni na sauti ya Papa ikihesabu matofali. Nilisimama tu mbele yake mpaka aliponiuliza nataka nini.

"Mama," nikasema, "muondoke hapa."

Aliuliza waende wapi. Nikasema fasi yoyote.

"Ile shimo haiko ya choo," nikasema. "Papa ameandika fosse commune. Nimeuliza shuleni. Majina yenu iko mu karatasi, na hesabu iko. Siye pia tuko."

Hakushtuka kama nilivyotegemea. Alivuta kuni moja akaitoa motoni, moto ukapungua. Aliuliza nani amenituma. Nikasema hakuna. Aliuliza kama Papa anajua nimekuja, nikasema hapana. Alitazama bondeni. Kisha alinifuta uso kwa ncha ya kitenge chake, maana bila kujua nilikuwa nalia, akaniambia kwa sauti ya chini nirudi kwetu kabla hawajanitafuta.

"Na Lotsove, usimuambie kitu," akasema. "Mutoto asibebe hii."

Asubuhi iliyofuata nilimngoja Lotsove njiani hadi kengele ya shule ikalia. Hakuja. Mchana niliporudi mlango wao ulikuwa wazi na ndani hapakuwa na mkeka wala sufuria. Jirani mmoja alikuwa amemwona Mama Lotsove alfajiri, jogoo wa kwanza alipowika, watoto wamebeba mizigo kichwani, akamuuliza wanaenda wapi, naye alijibu tu, "Muangalie ile shimo." Basi. Hakueleza zaidi. Lakini maneno hayo yalitosha. Watu wakakumbuka daftari. Wakakumbuka maswali. Mpaka saa tisa familia nyingine ilikuwa imeondoka, na kesho yake ya tatu. Papa alirudi kutoka kazini akiuliza mbona watu hawaleti matofali.

Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, wanaume walishuka bondeni. Ilikuwa Jumamosi, hatukuwa na shule, nikawafuata. Mbele alikuwa chef, mkubwa wa avenue, mzee mtaratibu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nyuma yake wengine kama kumi, na wawili walishika mapanga, ingawa hakuna aliyekuwa akilima wakati ule. Papa alikuwa ndani ya shimo akipaka ukuta simenti. Chef alimwomba apande. Akapanda, mikono myeupe mpaka viwiko, akatafuta pa kujifutia ili awasalimu, lakini hakuna aliyenyoosha mkono.

Chef aliomba kuona karatasi. Papa aliileta bila kusita, hata kwa furaha, akidhani wanataka kujua kazi imefika wapi. Chef alirekebisha miwani akasoma kwa sauti maneno yale mawili ya juu. Kisha akaanza orodha, jina na hesabu, jina na hesabu, na kila mwanaume alisikia la kwake. Alipofika nyumba ya juu, ambako yule mama alikuwa amewahesabu hata wawili aliowazika, na Papa akaifuta hesabu ya kwanza na kuandika nyingine, alisita. Mstari uliowafuta ulionekana vizuri.

Ndipo Papa akaelewa. Niliona uso wake ukielewa. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta nyoka ndani ya kiatu alichokwisha vaa.

"Ni ya siye wote," akasema. "Commune, ni kusema ya watu wote."

"Ndiyo tumesikia," akasema mmoja wa wale wawili. "Ya siye wote."

Papa alitazama mapanga, akatazama shimo, akatazama mifuko ya chokaa. Hakupaza sauti. Alisema bomba limekwisha kulazwa kutoka juu mpaka hapa, mdomo wake ndio ule unaotokeza ukutani. Alimwomba chef atume mtu nyumba ya juu amwage maji, na wengine wabaki naye wakitazama. Maji yasipofika, wafanye wanavyotaka.

Aliyepanda ni chef mwenyewe. Nyumba ya juu ilikuwa ya yule mama aliyezika wawili. Alikuwa anafua nguo. Baadaye tuliambiwa hakuuliza swali. Alibeba beseni lake la maji ya sabuni, akainama mahali bomba linapoanzia, akamwaga lote. Sisi chini hatukuona hayo. Tuliona tu mkono wa chef ukipungia kutoka juu, halafu tukangoja.

Maji hayakuja. Niliukodolea macho mdomo wa lile bomba mpaka yakauma. Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akahamisha panga mkono mmoja hadi mwingine. Nilijua tulipima wote wawili, mimi na Papa, na kwamba kuna siku nilicheka na maji yakatikisika. Sikujua ninaomba nini. Maji yakija, Papa si muuaji. Maji yakija, basi mimi nimefukuza watu watano na waliowafuata kwa bure. Nilitaka yaje, nikayaogopa.

"Haitakimbia," Papa alisema, kama anayejisemea. "Sikuipangia kukimbia."

Kwanza tulisikia kitu kama mtu anayemeza. Kisha povu jeupe likatoka mdomoni mwa bomba, likaning'inia, likaanguka, na nyuma yake maji ya kijivu yakashuka taratibu ndani ya chumba cha kwanza, na kipande cha uzi wa bluu kikielea juu yake. Mmoja wa wale wa mapanga alichuchumaa ukingoni akatazama maji mpaka yalipotulia. Chef alishuka akihema, akaketi juu ya rundo la matofali, akavua miwani.

Ndipo mtu akauliza neno hili lilianzia wapi, ni nani aliyemwambia Mama Lotsove. Papa alizungusha macho polepole juu ya watu wote. Yalifika kwangu. Nilikuwa nimesimama kando ya mfuko wa chokaa na viatu vya shule siku isiyo ya shule. Yalikaa kwangu, sijui muda gani, kisha yakaondoka.

"Ni mimi," Papa akasema. "Niliandika neno mubaya. Makosa ni ya kwangu."

Alichukua karatasi mkononi mwa chef akachana kile kipande cha juu, akakiweka mfukoni.

Mpaka leo sijui kama alijua. Hakuniuliza siku ile, wala baadaye. Familia mbili zilirudi kabla ya Jumapili iliyofuata. Mama Lotsove hakurudi. Papa alipanda kinga yake, ile baiskeli nyeusi ya kubebea simenti, akaenda akiuliza njia nzima mpaka karibu na Komanda, akarudi siku ya pili na midomo iliyopasuka kwa vumbi. Alimwambia Mama kwamba watu wamewaona wakiingia njia ya msitu, basi. Kazi ikaendelea. Alijenga tawi la bomba kwenda nyumba ya mwisho kama alivyochora, ingawa nyumba ilikuwa tupu. Wakafunika, wakarudisha udongo, majani yakaota. Kolera haikuingia tena avenue yetu. Ile fosse inafanya kazi mpaka sasa. Huifungua na kuitoa matope baada ya miaka kadhaa, na vijana wanaoitunza hawajui kwamba ilikaribia kumuua mtu.

Mimi nilibaki peke yangu kwenye benchi. Kwa kuwa hapakuwa tena na daftari la kuchungulia, nilianza kusoma. Kifaransa nilikishambulia kwa hasira, neno kwa neno, kama mtu anayetafuta kilichomuuma gizani. Nikakiweza. Nikawa mwalimu wa Kifaransa. Papa alizeeka, akafariki kitandani mwake, na siku zake za mwisho nilikaa naye mara nyingi nikiwa na sentensi moja mdomoni. Sikuitoa. Nilifikiri labda amesahau, nami nitamletea maumivu. Nilifikiri labda anangoja niseme.

Mwaka jana walinituma Mambasa, mji wa msituni, kusimamia mitihani. Wakati wa kurudi gari lilisimama mwisho wa mji ili watu wanunue ndizi. Mama mmoja mzee alikuwa ameketi nyuma ya mikungu, na jinsi alivyofuta ndizi kwa ncha ya kitenge ilinifanya nisimame. Nilimwita. Alinitazama sana. Kisha akasema jina la Papa, akashika mikono yangu yote miwili. Aliuliza habari zake, nikamwambia amefariki. Akatikisa kichwa, akasema alikuwa mtu wa salamu nzuri.

Kando yake mwanamke wa umri wangu alikuwa anafunga kuni. Nilimtambua alipoinua kichwa. Lotsove alinisalimu kwa furaha ya kweli, akaniambia kwamba wote wako hai, mdogo wake mmoja anafanya kazi Epulu kwenye hifadhi ya wanyama, wao wanalima. Shule? Hapana, msituni shule ilikuwa mbali na mikono ilihitajika shambani. Mimi nikaulizwa nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu. Wa nini? Nikasema wa Kifaransa, na nikashindwa kuendelea kumtazama.

Basi nilisema, pale pale, kati ya mikungu ya ndizi. Nilisema yote: karatasi, Madame, moto, kuni iliyotolewa motoni. Niliomba msamaha. Mama Lotsove alipunga mkono kama anafukuza inzi.

"Haukunidanganya," akasema. "Ulinipa kitu uliogopa. Mimi nilikuwa naondoka toka siku ile papa yako aliniuliza tuko wangapi. Djugu tulikuwa nane. Sikuwa nimesema tano na kinywa yangu mbele ya siku ile. Kiisha kusema, sikuweza tena kulala mu ile nyumba."

Sikujua kama ni kweli, au ni huruma ya mtu mzima kwa mtoto aliyelia mbele yake zamani. Nilikuwa bado nautazama uso wake nilipoona kwamba Lotsove ameacha kufunga kuni. Alikuwa anamtazama mama yake. Miaka yote hiyo hakuwa ameelezwa. Aliamshwa jogoo wa kwanza akaambiwa abebe.

"Tuliondoka juu ya ile neno?" akauliza.

Mama yake akachukua ndizi nyingine akaifuta. Lotsove akanigeukia.

"Ile neno nilikuwa naijua," akasema. "Commune ni ya wote. Ungeniuliza."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayerekebisha kosa kwenye daftari. Alikaza kamba ya mzigo, akaujaribu kwa mguu. Halafu akageuka kuelekea nyumba ya mbao nyuma ya barabara akamwita binti yake. Alikuja msichana wa miaka kumi hivi, sare ya shule imefubaa lakini imefuliwa, daftari kwapani. Lotsove alimsogeza mbele yangu kwa bega.

"Huyu ni Madame wa Kifaransa," akamwambia. "Muulize yote hauelewi. Usiache hata moja."

Dereva alipiga honi. Abiria walianza kupanda, mmoja akaniita kwa dirisha. Nilivuta gunia tupu nikaliketia, na mtoto akachuchumaa mbele yangu, akafungua daftari, akatafuta ukurasa, akaweka kidole juu ya neno la kwanza.